Mashine ya Mirongo na Kifua cha Shangazi

Nilihamia kwa shangazi yangu pale Mabatini wakati viwanda vya minofu ya sangara vilipokuwa vinafunguliwa kimoja baada ya kingine kando ya ziwa, na kila msichana aliyemaliza shule Mwanza alikuwa anaulizia kazi huko. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, mnene wa kujivunia, na alikuwa anauza mitumba. Miaka michache kabla, mtu akivaa suruali ya mtumba alikuwa anaona haya. Sasa ilikuwa ruksa kuuza, ruksa kuvaa, na shangazi alisimama juu ya robota lake la nguo akiita wateja kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya barabara. Hakuhitaji kutundika nguo. Alikuwa anaieleza tu, shati lina mifuko miwili, halijawahi kuvaliwa na mtu mwenye shida, na mteja alikuja akiwa ameshashawishika.

Mwaka huohuo daktari mmoja mstaafu wa serikali alifungua zahanati yake binafsi Mirongo, kwenye jengo lililokuwa duka la vyombo. Alileta mashine ya kupiga picha za kifua na mifupa. Kwetu lilikuwa jambo kubwa, maana kabla ya hapo ulikuwa unapanga foleni hospitali ya serikali, ukifika mbele unaambiwa filamu zimeisha. Pale Mirongo ulikuwa unaingia na kutoka. Ila mashine ilikuwa na tabia moja. Kila ilipofanya kazi, taa ya kinyozi wa jirani ilififia kidogo, kisha ikarudi. Watu waliokuwa wananyolewa walianza kuulizana kile kitu kinanyonya nini.

Halafu wakafa watu watatu wa mtaa wetu. Fundi seremala aliyekuwa amekohoa muda mrefu. Mama mmoja aliyevimba miguu. Na dereva wa lori aliyekonda mpaka mkanda wake ukaongezwa matundu. Miaka ile watu walikuwa wanakonda hivyo na hakuna aliyependa kusema kwa nini. Wote watatu walikuwa wamepelekwa Mirongo kupigwa picha, na wote walizikwa muda si mrefu baadaye. Mtaa ukaunganisha mambo. Ikasemwa kwamba mionzi ya ile mashine inakausha damu, kwamba mtu akishapigwa picha hamalizi msimu. Na kama kuna aliyekuwa hajasikia, shangazi alimwambia, kwa sauti ileile ya kuuzia mashati.

Mimi nikapata kazi kiwandani. Nilirudi nyumbani na furaha yangu, nikamwambia shangazi kwamba kabla ya kuanza lazima tupimwe afya, damu, choo na kifua.

"Kifua kwa kusikiliza na ule mpira wa masikioni," alisema shangazi.

"Kwa picha. Kule Mirongo."

Aliketi kitandani polepole. "Basi hiyo kazi waachie wengine."

Nilimwambia kwamba wengine wenyewe ndio wanaipigania, na kwamba tunakwenda wasichana wengi kwa pamoja. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni ambaye tayari ameshika mlango. Hakunizuia. Alisema tu kwamba atamwambiaje kaka yake. Nami nikaenda, nikavua blauzi, nikakumbatia kile chuma cha baridi, nikaambiwa nivute pumzi na nisipumue, kukasikika mlio mfupi, na ikawa imekwisha. Nilivaa nikatoka. Kinyozi alikuwa mlangoni kwake ananiangalia kwa huruma.

Kuanzia jioni ile nikawa mgonjwa wa shangazi, ingawa sikuumwa popote. Alikuwa amesikia mahali kwamba maziwa yanaondoa sumu mwilini, na muuza maziwa wa baiskeli akaanza kusimama kwetu kila asubuhi. Nilipewa kikombe kikubwa kabla ya kwenda kazini na kingine nikirudi. Nilikatazwa kuchota maji. Nilikatazwa kufua. Nyama iliyokuwa inaonekana nyumbani Jumapili ikaanza kuonekana katikati ya wiki. Shangazi alikaa mbele yangu nikila, akinikagua macho na kucha, na kila siku alionekana kushangaa kidogo kwamba bado nipo. Sikulalamika. Nilitoka kiwandani nimesimama siku nzima kwenye baridi, na kurudi nyumbani kukuta umeandaliwa kama mzazi aliyetoka kujifungua si jambo la kugombana nalo.

Nikanenepa. Mashavu yakajaa. Msimu ukaisha, mvua zikaja, na mimi nikawa naimba bafuni. Shangazi akatoa tangazo.

"Maziwa yamekuokoa," alisema.

Hakuishia kwangu. Aliwatangazia wasichana wote wa kiwandani waliokuwa wanapita Mabatini wakirudi kazini, kwamba aliyepigwa picha Mirongo asikae bila maziwa. Wengi walitii. Mashine kwake ilikuwa bado inaua, ila sasa dawa yake imepatikana. Muuza maziwa alianza kupita na madumu mawili badala ya moja, na alimsalimia shangazi kwa heshima ambayo zamani hakuwa nayo.

Kwenye meza ya kukatia minofu nilikuwa nasimama na msichana wa Ukerewe, mwembamba, mchekeshaji, mwenye mkono mwepesi kuliko sisi wote. Yeye maziwa hakuweza hata kuyanusa. Tangu utoto yalikuwa yanamtapisha. Siku moja alikuja nyumbani kununua sweta, maana baridi ya kiwandani ilikuwa inaingia mpaka kwenye mifupa, na shangazi akamletea kikombe. Msichana akakirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu, akaomba asamehewe.

"Hunywi kabisa?" shangazi aliuliza.

"Sijawahi, mama. Yananishinda."

"Na picha ulipiga?"

"Siku moja na huyu," alisema akinionyesha mimi. "Nilimtangulia kuingia."

Shangazi alimtazama kuanzia juu mpaka chini. Msichana alikuwa mzima, anang'aa, ana mchumba kwenye bohari ya pamba, na alikuwa anajadili bei ya sweta kwa nguvu. Shangazi akamuuzia kwa bei aliyotaka yeye msichana, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alipoondoka, shangazi alikunja suruali moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Huyu hakunywa hata tone," alisema.

"Hata tone."

"Basi si maziwa."

"Na labda si mashine, shangazi," nilisema. "Tumepigwa wengi wa kiwandani. Wote wapo. Wengine wameshaolewa."

"Na wale watatu wetu?"

"Fundi seremala alianza kukohoa kabla au baada ya picha?"

"Kabla. Tangu mwaka uliotangulia."

"Basi ugonjwa ulitangulia."

"Ugonjwa ulitangulia," alikubali, "lakini kifo kilifuata picha." Na ni kweli kilifuata.

Nisingeyakumbuka haya yote vizuri hivi kama yangekuwa maneno tu. Lakini shangazi mwenyewe alikuwa ameanza kuumwa. Ilianza kama kichomi cha ubavuni, upande wa kulia. Akasema amelala vibaya. Kisha ikawa hawezi kupanda mlima wa kwetu bila kusimama. Asubuhi alipokuwa anafunga kanga nilikuwa nasikia pumzi yake ikikatika katikati, kama mtu anayesoma barua yenye maneno magumu. Jambo lililonitisha zaidi lilikuwa kule sokoni. Nilipita siku moja ya mapumziko nikamkuta amekaa juu ya robota, kimya, nguo ziko mbele yake, watu wanapita. Alikuwa hawezi kuita. Alifungua mdomo, akasema "shati", na pumzi ikaishia hapo.

Nilimbembeleza aende Mirongo. Alikataa. Nilimwandikia baba, baba akaja kutoka kijijini na kuku wawili, akambembeleza, akakataliwa, akaacha kuku. Shangazi alisema akienda atakuwa wa nne.

Kilichombadilisha kilitokea kanisani, na mimi sikuwa na mkono wangu ndani yake. Jumapili moja, misa ikiwa imekwisha tu, kijana alimfuata padre mlangoni kumwita akampake mgonjwa mafuta matakatifu. Padre akachukua mkoba wake akaondoka. Shangazi alisimama pale uani akimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Njiani tulitembea taratibu kwa sababu ya pumzi yake, mpaka tukakaribia nyumbani.

"Padre anapaka watu mafuta," alisema.

"Ndiyo."

"Na wengi wao wanakufa wiki hiyohiyo."

"Ndiyo, shangazi."

"Mbona hatujawahi kusema padre anaua watu?" Alisimama, akashika ubavu. Alikuwa anacheka, na kucheka kulikuwa kunamuumiza. "Anaitwa kwa sababu mtu ameshazidiwa. Kumbe na yule dakitali hivyohivyo."

Alitamka "dakitali". Maisha yake yote alitamka hivyo, na mpaka leo nikisikia mtu anasema daktari kwa usahihi naona kama ana haraka.

Kesho yake tulikwenda. Aliniambia njiani kwamba haendi kupigwa picha, anakwenda kuuliza. Daktari alikuwa mzee mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mguu mmoja. Shangazi alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa kiti, akakaa na kupumzika kwanza.

"Nimekuja na swali," alisema.

"Uliza, mama."

"Mashine yako inaua?"

Daktari hakuonekana kushtuka. Nadhani alikuwa ameshasikia. "Habari za wagonjwa wangu siwezi kukuambia," alisema. "Lakini wewe niambie. Watu wanaoingia mlango huu ni watu gani?"

"Wagonjwa."

"Na wagonjwa hufa zaidi kuliko wazima?"

"Zaidi."

"Basi hata ningeweka pale ndani kabati tupu, nikawa nawasimamisha mbele ya kabati, bado wangekufa wengi kuliko watu wanaopita barabarani. Mngesema kabati linaua. Wazima wanaokuja hapa ni hawa wa viwandani. Ni wengi kuliko wagonjwa. Ninyi hamuwahesabu kwa sababu hawaleti msiba."

Shangazi alitikisa kichwa taratibu kukubali. Nilidhani tumemaliza. Kumbe alikuwa amebakiza.

"Kama ni salama kama kabati," alisema, "mbona huyu mtoto aliniambia ukipiga unakwenda kujificha nyuma ya ukuta?"

Daktari alivua miwani yake. "Sikusema ni salama kama kabati. Mionzi ina madhara yake, mama. Ikiingia mwilini kwa wingi, au mara nyingi sana, inaweza kuleta ugonjwa miaka ya baadaye. Picha moja ya kifua ni kidogo mno, hatari yake ni ndogo sana. Lakini mimi napiga kutwa nzima, kila siku. Nikisimama hapo bila ukuta nitajikusanyia kidogo kutoka kila picha. Ndiyo maana najificha. Ndiyo maana nikimwona mama nauliza kwanza kama ni mjamzito. Na ndiyo maana simpigi mtu bila sababu."

"Mimi nina sababu?"

"Umetembea kutoka mlangoni mpaka kwenye hicho kiti ukapumzika mara ngapi? Sababu unayo. Hatari ya picha ni ndogo. Hatari ya kutojua kilichomo ubavuni mwako ni kubwa."

Nimewaza mara nyingi kwamba kama yule mzee angesema mashine haina madhara hata kidogo, shangazi angenyanyuka akaondoka. Alikuwa mfanyabiashara. Alikuwa anajua kwamba nguo isiyo na kasoro yoyote muuzaji wake anaficha kitu. Alifungua pini ya blauzi, akanipa mkoba wake niushike.

Nilisubiri nje. Taa ya kinyozi ikafifia, ikarudi.

Daktari aliishika ile picha dirishani, kwenye mwanga, akatuita tutazame. Upande mmoja kulikuwa na mbavu na weusi katikati yake, kama picha yangu mwenyewe ilivyokuwa. Upande wa kulia, kuanzia chini mpaka karibu na nusu, kulikuwa kweupe kabisa, kama mtu amemwaga uji.

"Hayo ni maji," alisema. "Yamelizunguka pafu, yanalibana. Halina nafasi ya kufunguka."

"Nimeyanywa wapi?" shangazi aliuliza.

"Hukuyanywa. Ni ugonjwa umeyaleta, na kwa hapa kwetu mara nyingi ni kifua kikuu. Kinatibika."

Alituandikia tukaenda hospitali ya serikali siku hiyohiyo. Wakamkalisha ameinamia mto, wakamchoma sindano mgongoni, na maji yakaanza kutoka, ya manjano kama mafuta ya alizeti, chupa nzima na nyingine tena. Nilikuwa nimemshika mikono. Nilimsikia akivuta pumzi, ikaenda, ikaendelea kwenda, mpaka yeye mwenyewe akafungua macho kwa mshangao. Nililia pale, nami si mtu wa kulia mbele za watu. Shangazi akaniambia ninyamaze, nitamfanya muuguzi akosee.

Wakamwanzishia vidonge, akaambiwa ameze kila siku, miezi mingi, na asiache hata akijisikia mzima. Asubuhi ya kwanza alitoka chooni ana wasiwasi, akaniambia kwa kunong'ona kwamba mkojo wake umekuwa kama soda ya machungwa. Hospitali walikuwa wametuonya kwamba ni dawa tu. Nilimkumbusha, akacheka sana, na mpaka anamaliza matibabu alikuwa ananitangazia kila asubuhi kama soda imetoka nzito au nyepesi.

Hamu ya kula ikarudi. Sauti ikarudi kwa hatua, kwanza inafika kwa jirani, kisha kwa muuza ndizi, na siku moja nikiwa bado mbali, upande wa pili wa barabara, nikasikia mtu anaeleza koti la wanaume lenye bitana ya hariri, halijawahi kuona mvua. Nilisimama tu pale katikati ya watu nikisikiliza.

Sasa mtaa wetu nao ulikuwa na macho. Watu walimwona shangazi akienda Mirongo anatembea kwa kushikiliwa. Baada ya siku chache walimwona amerudi anapumua, baada ya miezi anapiga kelele. Sindano ya hospitali hawakuiona. Vidonge alivimeza nyumbani. Walichokiona ni mashine. Wakaunganisha mambo tena, na safari hii ikasemwa kwamba mionzi ya Mirongo inaponya. Mwenye kichwa akaenda kupigwa picha apone kichwa. Mwenye tumbo akaenda. Kuna mama alitaka mtoto wake apigwe kidogo tu, aongeze hamu ya kula. Daktari alikuwa anawarudisha, na wengine walimwona ana roho mbaya, ana dawa na hataki kuitoa.

Shangazi alikasirika kuliko nilivyotarajia. Kila aliyemjia kumpongeza kwa kuponywa na mashine alimweka chini akamweleza. Siku moja nilikuwepo alipofika mwanaume wa makamo kutoka Sengerema, amevuka na kivuko asubuhi kwa ajili hiyo tu. Alikuwa anaumwa mgongo. Alimpa shangazi shikamoo ndefu, akauliza kama ni yeye mama aliyeponywa na umeme.

Shangazi alimkalisha juu ya robota. "Sikiliza, baba. Mashine ilionyesha ugonjwa. Kilichoniponya ni kutolewa maji na kumeza dawa."

"Lakini ulipiga picha?"

"Nilipiga."

"Halafu ukapona?"

"Nikapona. Lakini na ugali nilikula kila siku, mbona husemi nimeponywa na ugali?"

Yule mwanaume aliliwaza jambo hilo kwa makini. Aliinama, akajikuna kidevu, akainua kichwa.

"Ugali wa muhogo au wa mahindi?" aliuliza.

 Shangazi akacheka, kicheko kilichotoka kwenye mapafu yote mawili, muuza ndizi akacheka bila kujua kisa, na yule mwanaume naye, baada ya kutusubiri kidogo, akacheka kwa ajili yetu. Shangazi aliniachia biashara, akampeleka Mirongo yeye mwenyewe. Daktari alimbonyeza mgongo, akamuuliza kazi yake, akajibiwa kupakia magunia ya mpunga kwenye malori. Hakumpiga picha. Alimpa dawa ya kupaka, akamwonyesha namna ya kuinama kwa magoti, akamwambia apumzike na kama haupungui arudi.

Alirudi sokoni amesononeka, maana alikuwa amejiandaa kwa mashine. Shangazi alimhurumia. Alimchagulia koti zito la kijivu, akamwambia kwamba halitibu mgongo, ajue kabisa, ila asubuhi za baridi atalishukuru. Alilivaa palepale, akafunga vifungo vyote, akaagana nasi vizuri, na akateremka kwenda kuwahi kivuko amelivaa vilevile, ingawa jua lilikuwa kali.